Siku Mama Alipopandishwa Gari la Mumiani

Juzi mjukuu wangu aliyeyusha kipande cha nta jikoni, apake uzi wa kushonea viatu vyake vya shule. Mimi nilikuwa nimekaa barazani nachambua mchele. Harufu iliponifikia nilisimama ghafla, ungo ukanitoka mapajani. Nta ya nyuki ikipata moto hunukia vizuri. Kwa mbali ni asali, kwa karibu ni moshi. Wengine huwakumbusha kanisa na mishumaa. Mimi hunikausha mate.

"Bibi, vipi?" mtoto akauliza.

Nikamwambia si kitu, aokote mchele. Lakini ninyi nitawasimulia.

Tulikaa mtaa wa Cheyo, kule Unyamwezi, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa amekwenda manamba, kukata mkonge huko Tanga, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kwetu. Nyumbani tulibaki Mama, mimi Nyamizi, na mdogo wangu Mabula, aliyezaliwa siku mvua ilipoezua nusu ya paa letu. Mama alikuwa kibarua mtaa wa Mtendeni, kwenye ghala la tajiri mmoja aliyenunua nta kwa warina asali wa porini. Wanawake waliiyeyusha kwenye mapipa, wakaichuja kwa magunia, wakaimimina kwenye makarai igande. Mnyapara wa pale alikubali kumshikia Mama nafasi yake mpaka mtoto akaze shingo, si zaidi. Mabula alipokaza shingo, Mama alijifunga kanga mbili kifuani, moja juu ya nyingine, akatoka asubuhi bila kugeuka nyuma. Wakati ule nilidhani hakugeuka kwa sababu alikuwa amechelewa.

Mtoto mchanga hakuruhusiwa kuingia ghalani, penye moto na nta ichemkayo, na nyuki walioifuata nta yao mpaka mjini kama watu waliokuja kushitaki. Kwa hiyo kazi ya kumfikisha kwa mama yake ikawa yangu. Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka, mapya hayajaota. Asubuhi tulishinda kwa jirani yetu Bi Tatu, kikongwe mwenye macho mabovu na ulimi mzima. King'ora cha reli kikilia mchana, nilimfunga Mabula mgongoni kwa mbeleko, nikaenda naye hadi lango la ghala, na Mama akatoka kumnyonyesha kwenye kivuli cha ukuta, mnyapara akikohoakohoa ndani ili ajue muda unakwisha. Bi Tatu alijaribu kutupunguzia safari kwa uji mwepesi. Mabula aliutema kama Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, aliyeletewa chai iliyopoa.

"Huyu ameshaamua," Bi Tatu alisema, akijifuta uji kwenye kidevu. "Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mpeleke."

Njia yetu iliingia kwenye barabara ya kale, ile waliyopita wapagazi na pembe za ndovu mabegani, na watumwa katika minyororo. Tuliambiwa wengine walizikwa humohumo njiani. Wafu hao sikuwaogopa sana. Niliona kwamba wamechoka. Niliyemwogopa ni mumiani. Msimu ule mji mzima ulinong'ona habari za watu wanaokamata wenzao na kuwafyonza damu ikatengenezwe dawa. Walikuwa na gari, watu walisema, lori dogo la kijani lenye turubai, na ndani wanaume waliovaa kaki. Na lori lilikuwepo kweli! Nililiona kwa macho yangu limesimama kando ya barabara, wanaume wakiwachoma watu vidole kwa sindano na kupaka damu yao kwenye vipande vya kioo. Tangu hapo, nikisikia mngurumo wowote, nilijibanza kwenye ua wa mabua wa mtu yeyote, nimemziba Mabula mdomo kwa kiganja.

Bi Tatu hakunicheka. "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake," aliniambia. "Ukiliona, kimbia."

Siku ninayoisema kiangazi kilikuwa kimekaza. Vumbi lilichoma nyayo, na Mabula alilia tangu tulipotoka, kile kilio cha kukauka kisicho na machozi. Tulipokaribia Mtendeni niliona moshi juu ya mapaa. Haukuwa moshi wa kupikia. Ulikuwa mweusi, mnene, na ulinukia asali.

Nilikimbia, kichwa cha Mabula kikinigonga mgongoni. Langoni watu walikuwa wamejaa. Pipa limeshika moto, walisemezana. Mtu kalimwagia maji, na moto ukawarukia. Wanawake walikuwa wakitoka wanakohoa, kanga zimewafunika vichwa. Niliwachungulia nyuso mmoja baada ya mwingine. Mama hakuwemo. Nikamshika shati mnyapara, ambaye siku zote nilimwamkia kwa mbali.

"Shikamoo. Mama yangu yuko wapi?"

Hata siku ile nilikumbuka shikamoo. Yeye alisahau marahaba. Alinyoosha tu kidole ng'ambo ya barabara.

Lori la kijani lilikuwa pale. Wanaume wawili wa kaki walikuwa wakimpandisha Mama nyuma. Mikono ameinyoosha mbele kama mtu aliyebeba sinia, na kutoka viganjani hadi viwikoni nta ilikuwa imemgandia.

"Mayu!" nililia. Ndivyo tulivyomwita mama kwa Kinyamwezi.

Aligeuka. Nilitazamia aniite. Badala yake alipiga kelele kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Rudi! Nyamizi, rudi nyumbani! Mpeleke mtoto kwa Bi Tatu!"

Kisha akageuza uso, akatazama ndani ya turubai, kama hatujui.

Nilijikojolea, sioni haya kuwaambia. Yote niliyofundishwa yaliniambia kimbia, nami nikakimbia kweli, ila miguu ilikosea upande. Ilinipeleka kwenye lori, ambalo lilikuwa limeshaanza kutembea. Mabula alipiga yowe. Dereva akachungulia, akafunga breki, na mwanamume mmoja mrefu mwenye makovu ya ndui akaruka chini, akanijia.

"Huyu mama yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Panda, binti. Tunampeleka hospitali. Mtoto ana njaa huyu, humsikii?"

Nilimtazama Mama. Alikuwa akitikisa kichwa, hapana, hapana. Lakini kanga zote mbili zilikuwa zimelowa kifuani, maziwa yanamtiririka mpaka tumboni mbele ya wanaume asiowajua, na hana mikono ya kujifunika.

Nikapanda.

Ndani mlinuka spiriti. Nilitafuta ndoo za damu. Niliona vyavu vidogo vyenye mipini, na chupa zilizojaa mbung'o waliokufa. Yule mrefu aliona ninavyokodoa macho. Akasema wao ni watu wa malale, wanapima damu kujua nani ana ugonjwa huo wa usingizi. Sikumwamini hata kidogo. Nilimfungua Mabula mgongoni.

"Mnyanyue," Mama alininong'oneza. "Zaidi. Mshike shingo."

Nikapiga magoti kwenye bati lililokuwa likiruka, nikamwinua mdogo wangu hadi kifuani kwake, nikamshikilia pale. Mabula alipolipata titi alinyamaza ghafla hata nikadhani amekufa. Kisha nikamsikia akimeza. Yule mwanamume alivua kofia, akageuka, akatazama barabara safari nzima.

Hospitalini hakuna aliyetufyonza damu. Mama alifungwa bendeji mikono yote, nami nikakaa naye, nalala chini ya kitanda chake. Kila Mabula alipolia nilimwinua na kumshikilia anyonye, mpaka wagonjwa wengine wakaniita mama mdogo. Mikono ilipona, ila vidole viwili vya kushoto vilibaki vimejikunja. Baadaye alirudi ghalani. Kazi nyingine haikuwepo. Mabula naye alikuwa ameshasalimu amri kwa uji.

Kilichobaki moyoni mwangu ni ile "rudi". Niliibeba utoto wote. Niliamini alinikasirikia kwa kuchelewa, au aliona haya kuonekana nasi.

Nikakua, nikawa mwalimu, nikapata mtoto wangu wa kwanza. Mama alikuja kunilelea niliporudi kazini. Siku ya kwanza niliingia nyumbani mchana mbio, blauzi imelowa, nikamnyakua mwanangu kabla sijavua viatu. Mama alinitazama, akacheka taratibu. Hapo ndipo nilipothubutu kumuuliza kwa nini siku ile alinifukuza.

Alishangaa kwamba sikujua.

"Si lilikuwa gari la mumiani? Nilijua naenda kufyonzwa damu. Nikasema basi, wanifyonze mimi, ninyi mbaki."

"Mbona basi ulipanda?"

"Mikono ilikuwa inaungua, mwanangu. Nani angenisikiliza? Mdomo ulikuwa unawafukuza. Lakini Mabula alipolia, maziwa yalikuwa yameshawaita."

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikijua kwamba siku ile niliogopa peke yangu, kwa kuwa nilikuwa mtoto, na watoto ndio waogopao. Kumbe tuliogopa wawili, kila mmoja akimwogopea mwenzake. Wa tatu alikuwa na njaa tu.