Milimita Mbili za Kitako

Kiwandani kwetu tulimwita Bwana Unene, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama rula. Jina lilitokana na michoro yake. Kazi ya chumba chetu ilikuwa kuchora makombora ya mizinga, na kwake yeye hakukuwa na chuma kilichozidi. Kombora la ukuta mnene halipasuki ndani ya mtutu, alisema, na wanaosimama karibu na mzinga wanarudi nyumbani wazima. Kweli tupu. Ila kombora nene ni zito, haliendi mbali, na askari wanaolibeba wanachoka na kututukana sisi. Ukipunguza chuma unapata mwendo, lakini wasiwasi nao unapiga hodi. Miaka yote tuligombana juu ya hilo hilo, na miaka yote Bwana Unene alishinda, maana hakuna mkubwa anayetaka kupasukiwa na mzinga.

Ndipo akamleta mdogo wa mkewe. Alimwombea kazi, akamfundisha kunoa penseli mpaka ncha ikae sawa, akamtafutia meza ya karibu na dirisha. Kwa kuwa alimwita shemeji, chumba kizima kikalidaka jina, hata Mkuu wetu. Kijana alikuwa na mkono mwepesi na kichwa chepesi zaidi. Kibaya zaidi alikuwa na adabu, kwa hiyo hata kumchukia vizuri ilikuwa taabu.

Siku moja Mkuu akataka kombora jipya la mazoezi, lisilo na kilipuzi, lifike bendera ya mbali kwenye uwanja wa majaribio. Wakachora wote wawili. La Bwana Unene lilikuwa lile lile la siku zote, limenenepa kuliko jana. La Shemeji lilikuwa na ukuta mwembamba, mkia uliochongwa ili upepo usilivute nyuma, na mkanda mwembamba wa shaba usioutafuna mtutu. Mkuu hakufikiri mara mbili. Akachagua la Shemeji.

Mkewe Bwana Unene, ambaye ni rafiki yangu, alinisimulia jioni ile ilivyokuwa.

"Mdogo wangu ameng'ara, eti?" alimwambia mumewe kwa furaha.

"Na nani aliyemwonyesha kushika penseli?"

"Si wewe, baba watoto? Basi furahi!"

Bwana Unene akasukuma sahani, akaenda kulala na njaa.

Sasa, chumba chetu kina desturi yake: aliyeshindwa ndiye anayekagua mchoro wa mshindi, na bila sahihi yake chuma hakikatwi. Hakuna anayetafuta kasoro kwa bidii kama mtu aliyeshindwa. Aliyeibuni desturi hiyo aliujua wivu kwa karibu.

Bwana Unene aliuinamia mchoro ule hadi shingo ikakakamaa. Alipiga hesabu za kitako, pale nyuma baruti inaposukuma kwa nguvu zote. Kitako kilihimili. Akarudia. Kikahimili, tena kwa nafasi ya kutosha. Meza yangu iko ubavuni mwa yake, niliona kila kitu. Kisha akachukua penseli nyekundu akaandika: ongeza milimita mbili.

"Mbona hesabu zimekubali?" nikamuuliza.

"Hesabu hazisimami karibu na mzinga," akanijibu bila kunitazama.

Utabishana vipi na mtu anayezungumzia usalama? Hakuna aliyewahi kulaumiwa kwa kuongeza unene, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote.

Shemeji aliitazama ile alama nyekundu kwa muda. "Una uhakika, shemeji?"

"Unataka roho za watu zikulilie?"

"Basi tuongeze."

Siku ya majaribio, kombora lilitoka likiwa limeelemewa nyuma. Likayumba hewani kama mlevi, likaanguka mbali kabisa na bendera. Mkuu alifoka hadi mate yakamtoka.

"Nani aliyeulemaza mkia huu?"

Bwana Unene alitazama viatu vyake.

"Mchoro ni wangu, Mkuu," Shemeji akasema. "Kosa ni langu."

Bwana Unene alipata alichokitaka, lakini uso wake ulikuwa umekunjamana. "Umemwona anavyojifanya?" akaninong'oneza. "Hata kushindwa anataka ashinde yeye!"

Mkuu akairudisha bendera karibu kidogo, akachukua mchoro wa Bwana Unene. Na desturi ni ile ile: mkaguzi akawa Shemeji. Wiki nzima Bwana Unene hakukaa kitini akatulia. Alijua angefanya nini yeye, angekuwa kwenye kiti kile.

Mchoro ulirudi na alama nyekundu moja tu, kwenye kitako. Shemeji aliuleta mwenyewe, akazungumza chini chini, lakini mimi masikio ninayo.

"Hapa punguza milimita mbili, shemeji. Litafika mbali zaidi na halitapasuka. Hata langu lisingepasuka, nilipiga hesabu kabla sijaongeza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Wewe ndiye uliyenileta hapa."

Akarudi mezani kwake. Bwana Unene akakaa na raba mkononi, kisha akapunguza zile milimita mbili.

Kombora lake liliruka limenyooka, likaipita bendera. Mkuu akamshika mkono, mafundi wakashangilia. Yeye akawa anageuza shingo huku na huku, anamtafuta mtu. Shemeji alikuwa nyuma ya watu wote, anapiga makofi huku amenyanyua mikono juu ya kichwa, anacheka meno yote nje.

Nilikwenda kumpongeza Bwana Unene. Hakuupokea mkono wangu.

"Mtazame," aliniambia, macho yamemjaa maji. "Anapiga makofi ya kweli. Angalia mikono yake. Mimi siku ile alipochaguliwa nilijaribu, ikanishinda."