Kioo Yenye Niligeuza Sababu ya Mama Mukwe

Bandugu, hii maneno minyi siipendi, na kama haiko Ngoie bibi yangu mwenye kuisimulia vibaya kila fasi anafika (anaongeza hata bintu yenye haikukuwa, anasema nililia, na minyi sikulia, ilikuwa jasho mu macho), ningeinyamazia mpaka kaburini. Afazali muisikie mu kinywa yangu mwenyewe. Minyi, mutu wa bendera ku gare ya Kamina, mwenye kazi yake mwaka muzima ni kuonyesha bamashinisti ba treni bendera nyekundu basimame, siku moja balinionyesha minyi bendera nyekundu na sikuiona. Na sikukuwa nimekunywa hata tone. Ilikuwa sababu ya heshima.

Muanze kujua hivi. Ile mwaka Ngoie alikuwa na mimba ya kwanza, miezi tano, na mama yake alitoka kwao Kabongo kuja kumukamata aende kuzalia kule. Kwetu njo desturi, sikatae, lakini jirani yangu wa kambi ya reli, bibi yake alienda kuzaa kwao, na alirudi mutoto anatembea tayari na anajua kutukana. Sikutaka Ngoie aende. Na kumuambia mama mukwe amuache singeweza, sababu ya haya ya bukwe: mwanaume na mama ya bibi yake habaangariane mu macho, habakule pamoja, habasemezane. Kama iko na neno, anamuambia mutoto yake, mutoto anakuambia weye, hata kama muko mu nyumba ya vyumba mbili na umekwisha kusikia yote. Wiki tatu alikaa kwetu, na minyi nilijua miguu yake tu na sauti yake nyuma ya ukuta.

Basi nikawaza nimuonyeshe kama niko mwanaume wa kuchunga mutoto yake. Rafiki yangu Saidi, muchuruzi wa nguo, mutu wa Maniema, alikuwa na motokari ya zamani, na njo yeye alinifundisha kuendesha, hapahapa Kamina (kwenye barabara iko sawa meza, muishike vizuri hii neno). Nikamuomba ya siku mbili. Tutalala Luena kwa kaka yangu, asubui tutapanda ku parki ya milima, Mama ataona nyama na mabonde, atafurahi, atarudia Kabongo peke yake. Saidi akaniuliza mara mbili kama nimekwisha kuendesha ku mulima. Nikamujibu kama treni yetu inapanda milima kila siku. Alinipatia funguo, lakini aliipatia polepole sana.

Sasa njo kosa. Ile asubui ya Luena, Mama akaingia nyuma, akajifunika kitambaa, akakaa upande na kugeuzia kioo kubwa ya nyuma uso yake, asiangarie shingo yangu. Ngoie akakaa mbele karibu na minyi na basani ku magoti, sababu tumbo ilikuwa inamusumbua tangu usiku. Minyi nikainua macho mu ile kioo kidogo ya shofere, na mule ndani nani? Mama mukwe, muzima-muzima (jana alisafiri amefunikwa kabisa), anainua kitambaa kidogo apate hewa. Nikakamata ile kioo, nikaigeuza ikaangaria juu, ku plafo ya motokari. Na nikajisifu, bandugu. Nikasema mu roho, leo ataona kama balinikomaza vizuri.

Chini ya mulima, ku mulango ya parki, kulikuwa bariyeri na nyumba kidogo ya mulinzi. Ile njia ni nyembamba, motokari mbili haiwezi kupishana, basi kuko masaa ya kupanda na masaa ya kushuka, na mulinzi njo anapanga na bendera yake. Sawasawa na reli ya njia moja! Minyi nilipashwa kuelewa mbele ya bantu bote. Lakini nilifika, mulinzi hakukuwa, na bariyeri iko juu. Kwetu ku gare bariyeri ikiwa juu, unapita. Nikapita. (Mulinzi aliifungulia kamyo yenye ilikuwa inashuka, kisha akaenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Hii niliijua kisha, wakati haikunisaidia tena.)

Tulikuwa tumepanda kidogo tu, nikasikia sauti nyuma, ya chini-chini.

"Ngoie, ambia bwana yako kama kuko mutu anatukimbilia na kitambaa nyekundu."

Ngoie alikuwa na kichwa mu basani. Mama akangoja. Akakohoa. Na minyi, sitabadanganya, nilisikia "mutu", nilisikia "kitambaa", lakini ile neno haikupita kwa Ngoie, na neno yenye haikupita kwa Ngoie haikukuwa yangu. Kama ningegeuka, ningemuona Mama. Ile kukohoa nikaizania ni vumbi inamuumiza, basi nikaongeza mwendo ili vumbi ibaki nyuma.

Ile mulima haina huruma. Upande moja ukuta ya mawe, upande ingine hakuna kitu, ni hewa tu na vichwa ya miti kule chini kabisa. Nilikuwa nasema na sauti ya furaha, "Ngoie, angaria pundamilia," na sikukuwa naona pundamilia yoyote, nilikuwa naangaria ile shimo. Mikono ililoana mpaka volan, ule usukani, ikaanza kuteleza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ku kona ya ine, kamyo.

Ilikuwa inashuka na magunia ya mihogo, na bantu bamekaa juu ya magunia. Tukasimama uso kwa uso. Shofere akatosha kichwa, akaniuliza bila makelele:

"Ndugu, bendera haukuiona?"

Nikamuuliza bendera gani, na kule juu ya magunia bakaanza kucheka. Akanielezea kama kamyo na muzigo ya vile haiwezi kupanda nyuma-nyuma, ni minyi wa kurudi nyuma, mpaka chini. Na minyi kurudi nyuma nilijifunza mara moja tu, mu lupango ya nyumba ya Saidi, na niligonga nyumba ya kuku.

Ngoie akashuka kutapika, akakaa chini kandokando ya ukuta ya mawe, mukono ku tumbo. Mama hakushuka. Nikaangaria ile tumbo, nikaangaria ile shimo, na woga ikanishika, woga ya kweli. Nilibaleta hapa sababu nilitaka bibi yangu asiende mbali na minyi.

Nikaanza. Bale ba magunia bananielekeza bote pamoja, huyu anasema kuume, huyu anasema kushoto, mumoja ananiambia nisali. Nikatosha kichwa inje, ni vumbi tu. Mawe ikaanza kutoka chini ya gurudumu ya nyuma, nikaisikia inaanguka, inaanguka, haifike. Mukono yangu ikainuka kwenda ku kioo, ikarudi. Ikainuka tena, ikarudi tena. Municheke, lakini nilikuwa tayari kuanguka mu ile shimo kuliko kumuangaria mama ya bibi yangu.

"Simama."

Haikutoka ku kamyo. Ilitoka nyuma ya shingo yangu.

"Simama, mwana. Geuza ile kioo, uniangarie."

Nikageuza. Mule mulikuwa mama mumoja mwenye pengo ku meno, kitambaa imeanguka ku mabega, na paji ya uso ya Ngoie kabisa. Miaka mbili nilikuwa naogopa ile uso, na iko yenyewe inatetemeka kunishinda. Akageuka kuangaria njia ya nyuma, akanirudishia uso, akainua mikono. Akiinua ya kuume, nageuza kuume. Akiinua ya kushoto, kushoto. Akiinua yote mbili, nasimama. Hata mashinisti mumoja hajanifuata bendera vile. Ngoie balimupandisha mu kamyo, na kamyo ikatufuata polepole mpaka chini, na bale ba magunia banapiga mikono kila kona sawa ku arusi.

Chini motokari tatu ilikuwa inangoja, na mulinzi amesimama mu njia, bendera mu mukono, jasho inamutiririka. Alinigombeza mpaka akachoka. Kisha akaniuliza minyi ni mutu wa kazi gani mwenye hajui rangi nyekundu. Nikafungua kinywa niseme nalima mihogo. Mama akanitangulia.

"Ni mutu wa bendera," akasema. "Ku gare ya Kamina."

Mulinzi hakucheka. Aliniangaria tu, na huruma, na ile iliniuma kuliko kicheko ya bale bengine bote. Na neno ya reli inakimbia kuliko treni: siku ya kazi, kila mashinisti mwenye kuingia gare alitosha kichwa na kuniuliza kama nimeiona.

Mukubwa wa jamaa akaniambia nipeleke mbuzi kwa Mama, ya kusafisha haya yenye tulivunja ku mulima. Nikaipeleka. Nilijua atainyamazia, atafunga mizigo, ataenda na Ngoie, na haki iko yake. Akatoka inje bila kitambaa ku uso, hakumuita Ngoie, akasimama mbele yangu.

"Ngoie hataenda Kabongo," akasema. "Tumbo yenye iliona ile mulima sitaipandisha tena mu njia. Atazalia hapa. Na minyi nitabaki, sababu weye unapashwa kuwa na mutu wa kukuangaria nyuma."

Njo vile nilishinda. Alibaki miaka sita. Ile mbuzi ilifungua kinywa yake, na hakuna mbuzi ya kuifunga: namna ninakula bukari, viatu yangu, namna ninakohoa, yote ananiambia mwenyewe, uso kwa uso. Na niliapa, kioo ya motokari sitaigeuza tena, hata mufalume akikaa nyuma.

Bantu bananiuliza ile parki iko namna gani, kama ni kweli inapendeza. Sijui. Nilipanda na macho ku shimo, nikashuka na macho ku uso ya mama mukwe. Ile uso njo ninaijua vizuri.