Kovu Linaloitwa Halima

Asubuhi ile naikumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwa Wajir, miaka ya tisini, nami msichana wa sekondari niliyekwisha kukata shauri: mwisho wa wiki naacha shule, naenda kuishi na shangazi porini nichunge ngamia. Ngamia hana habari na uso wa mtu.

Uso wenyewe ndio huu unaoutazama. Kovu ni hili shavuni, la duara, ukingo umeinuka na katikati kuna kijinundu. Nilichomwa moto nikiwa mchanga, homa ilipokuwa inaniua. Ilikuwa dawa ya zamani hiyo. Mtoto wako akiugua mpeleke kliniki, usije ukanisingizia mimi. Basi shuleni wakaniita Shimo. Kwetu mwenye kuchechemea huitwa Kiguru, mwenye jicho moja huitwa Chongo, naye huitika na maisha yakaendelea. Mimi nilishindwa kuitika.

"Shimo, nibatie bensili!" Huyo ni jirani yangu wa dawati, akiomba penseli kwa lafudhi yetu ya Kisomali, msichana mwema kabisa, mwenye meno ya kufungulia soda, na hakuna aliyemwita Meno. Lakini akutukanaye hakuchagulii tusi. Nikawa navuta ushungi mpaka karibu na pua, nasoma kwa jicho moja.

Asubuhi hiyo mwalimu wa jiografia, kijana mpole aliyetoka "Kenya", kama tulivyosema wakati ule kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, alibandika ubaoni picha kubwa ya Mwezi.

"Hii ni kreta," akasema. "Jiwe lilianguka kutoka angani. Tazameni ukingo ulivyoinuka. Ndani kuta zimeshuka ngazi ngazi, chini ni sakafu, na hapa katikati kuna kilima. Ardhi ilipigwa ikazama, kisha ikainuka tena."

"Mwalimu, hata Shimo iko na hiyo kilima!" mtu akapaza sauti nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka, wala hakukaripia. Alingoja wanyamaze. "Kreta kama hii haipewi jina la utani," akasema. "Wataalamu hukubaliana, wakaipa jina la mtu aliyefanya jambo kubwa, na lazima awe amekwisha kufa. Hata wanazuoni wa Kiislamu wa kale, waliopima nyota, majina yao yako huko juu."

Maneno mazuri, lakini yalinipita. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima.

Nilimkuta ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, akifukiza kibuyu cha maziwa kwa makaa. Nikamwambia yote, la picha, la kicheko, na kwamba shule basi. Tulizungumza Kisomali, nakutafsiria.

"Mashimo ya Mwezi yana majina ya watu?" akauliza. "Nani alikwenda kuwaita?"

"Ni ya waliokufa, ayeeyo. Waliofanya jambo kubwa."

Akaweka kibuyu chini.

"Basi hilo lako ni Halima."

Halima alikuwa mama yangu. Alifariki kabla sijaijua sauti yake. Moto ule nilidhani ni wa mganga, maana hakuna aliyewahi kuniambia vingine.

"Mganga alikataa," ayeeyo akasema. "Alituambia mtoto amekwisha kufa, tusimsumbue. Mama yako akachukua kijinga cha moto, akakuchoma mwenyewe. Ukalia. Ulikuwa umenyamaza tangu jana yake, tukamshukuru Mungu kwa kilio kile. Lakini yeye alilia kukushinda." Akanigusa shavu kwa kidole chenye masizi. "Amefanya jambo kubwa, naye amekwisha kufa. Apewe nani mwingine?"

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Picha ya mama hatukuwa nayo hata moja, mwanangu. Kumbe nilikuwa natembea naye usoni, na ndiye niliyekuwa namfunika kwa ushungi.

Kesho yake nikaenda shule uso wazi. "Shimo, nibatie bensili." Nikampa, kisha nikagusa kovu, nikamwambia, "Ina jina hii. Inaitwa Halima."

"Halima nani?"

"Mama yangu. Marehemu."

"Asante, Halima," akasema. Kufikia mwisho wa muhula wote walikuwa wakiniita Halima, maana kwetu jina la utani halitoki ila kwa jingine, na shule nikaimaliza. Mpaka leo wapo Wajir wanaodhani ndilo jina langu. Wakiniita, naitika.

Kwa hiyo, mwanangu, watu wakikuita kwa kovu lako, usikimbilie kulificha. Uliza kwanza lilitoka wapi, na ni nani aliyeumia pamoja nawe. Na ulimi wako ukiwasha kumtania mwenzio, uzuie, kwa kuwa hujui kovu lake limebeba marehemu gani. Jina jema hung'ara gizani.

Allah amrehemu kila aliyelia ili wewe uishi, na akujalie uso usioogopa kutazamwa. Amin.