Jogoo wa Kumpokea Mwekezaji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Kawempe, wale wanaovuka barabara ya Bombo kabla jua halijatoka, waliniita mlinzi wa kitanda, na sikukataa. Kazi ni kazi. Nililelewa kambini, baba yangu akiwa askari kutoka kaskazini, na nadhani kule kuhamishwahamishwa ndiko kulikonifanya niape kwamba nikipata ukuta wangu sitauacha. Nilimaliza sekondari, nikapata ukuta, nikanunua kuku. Safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya kutoka kitandani hadi bandani.

Mke wangu ni Mkenya. Aliletwa Kampala na duka kubwa la kwao, la kuzungukia na toroli, lililofungua matawi hapa kwa mbwembwe na keki. Lilipoanguka, wenyewe walikuja na lori wakachukua rafu, mafriji, mpaka balbu.

"Mimi ndiye mtaji waliousahau," yeye husema, kisha hunitazama nilivyojinyoosha kwenye kochi. "Na ona nilipowekezwa."

Kuku wangu waliishi kwa sababu ya jirani. Nyuma ya ukuta wetu palikuwa na mashine ya kusaga mahindi ya mzee mmoja mwenye tumbo na huruma. Unga wake ulitua kwenye nguo tulizoanika, kwenye chai, kwenye kope. Hakuna aliyelalamika, maana palikuwa na desturi: pumba za Jumamosi zilipita mlango wa nyuma, zikaenda kwa majirani kwanza, kwa bei ya salamu, ndipo wachuuzi wa mbele walipoitwa. Haikuandikwa popote. Ilikuwa fidia ya vumbi. Kwa pumba hizo kuku wangu walitaga, na wakaanga chapati wa Bwaise, wanaokunja mayai ndani ya chapati zao, waliyafuata mpaka mlangoni, bila mimi kuvaa viatu.

Siku mzee alipotuambia anahamishia mashine Juba, alikuja amevaa koti.

"Kule watu wanakula posho, ugali huuhuu wetu, na hawana wa kuwasagia," alisema. "Mimi sasa ni mwekezaji wa nje."

"Na sisi, mzee?"

"Nyinyi mtafaidika. Faida itarudi nyumbani. Pesa haisahau kwao."

"Hata duka letu lilisema hivyohivyo likija huku," mke wangu akamwambia.

Mzee alicheka hadi tumbo likatikisika. Na nisimsingizie: faida ilirudi. Ilirudi, ikatupita bila kutupungia mkono, ikaenda Luzira ikawa ghorofa inayotazama ziwa. Wabebaji wake wa magunia walibaki kwenye baraza langu wakinisaidia kukaa, kazi ambayo nilikuwa naimudu vizuri peke yangu. Nami nikaanza kununua pumba sokoni. Yaani nilivaa viatu.

Kisha tukasikia kuwa lile jengo tupu la mzee limepata mwekezaji kutoka ng'ambo, na kwamba atatengeneza chakula cha kuku. Chakula cha kuku! Nyuma ya ukuta wangu! Niliwaambia kuku wenyewe, kwa sauti.

Mwenyekiti wa mtaa akanijia. "Ssebo, mgeni hapokewi mikono mitupu. Nani ana jogoo wa heshima kama wewe?"

Huku Buganda jogoo wa kumpa mgeni si kitoweo, ni kauli: umekubaliwa, wewe ni wetu. Jogoo nilikuwa naye mmoja, mwekundu mwenye shingo ya dhahabu, baba wa banda zima. Mtu mwenye akili angeenda sokoni akanunua jogoo wa kawaida. Mimi nilitoa yule. Nilimpaka hata mafuta miguuni ang'ae. Nikapiga magoti mbele ya watu na suruali yangu ya harusi, nikamkabidhi, huku mwenyekiti akinguruma kwenye kipaza sauti: "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza mwenyeji anaumwa nini, na dawa itapatikana lini. Mgeni alitabasamu, akamshika jogoo wangu kama mtu anayeshika betri inayovuja.

Fakitori ilijengwa, hilo ni kweli. Ukuta ukapandishwa, ukavikwa nyaya. Chakula cha kuku kikatengenezwa, ila hakikuuzwa kwetu. Kilipakiwa kwenda kwenye mabanda ya mwekezaji mwenyewe nje ya mji, na kutoka huko mayai yakaja kwa malori, yakauzwa palepale getini kwa wakaanga chapati wangu, kwa bei ya chini ambayo nisingeifikia hata kuku wangu wangekubali kutaga kwa kujitolea. Yeye alisamehewa kodi kwa miaka, ili atupende. Mimi sikumbuki kusamehewa hata ushuru wa soko.

"Si kwa ubaya, baba," mkaanga chapati mmoja aliniambia. "Mayai yako ni matamu. Lakini utamu huo, ukishakunjwa ndani ya chapati, nani anauona?"

Nilienda getini kuulizia pumba. Mlinzi alikuwa mmoja wa wale wabebaji wa zamani, sasa ana kofia na mshahara wa mwezi, na watoto wake wamerudi shule. Hilo nalisema kwa sababu ni haki yake kusemwa.

"Muzee, pumba hakuna kutoka," akaniambia kwa Kiswahili chetu cha Kampala. "Bosi anasema yote ni ya fakitori."

"Na ule mlango wa nyuma?"

"Ule walifunga. Na matofali."

Ndipo jogoo akawika mle ndani. Nilimtambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha baba yake.

"Yule si wangu?"

"Eh, yule! Hawakuchinja. Amenona, banange. Anakula pumba mpaka anachagua!"

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sijui nilikuwa nimeificha wapi miaka yote. Mvivu hana hasira, inamchosha. Ile ilinikalia kifuani, ikala nami, ikalala nami. Sikumkasirikia mgeni. Mgeni aliyeachiwa chungu na upawa atafanya nini kama si kupakua? Wala yule mzee. Mtu huenda kwenye kushiba. Niliwakasirikia wenyeji wenzangu wenye vipaza sauti. Mtaji ukiingia, wanapiga makofi. Ukitoka, wanapiga makofi. Katikati, hapa tunapoishi sisi, hawaulizi neno: mahindi mtanunua ya nani? Jirani mtamuuzia? Mlango wa nyuma utabaki? Redioni uchumi ulikuwa unakua kila asubuhi, na kila asubuhi banda langu lilikuwa linapungua, na hakuna aliyekuwa anasema uongo.

Nilianza kuuza kuku mmoja mmoja, kwa sababu walikuwa wanakula kuliko wanavyotaga.

"Wakiisha," mke wangu alisema, safari hii bila utani, "utaenda pale getini kuomba kazi."

Nilijua kazi yenyewe. Walikuwa wanatafuta watu wa kupanga mayai kwenye trei. Mayai ya wajukuu wa jogoo wa nani, sijui.

Nikabaki na majike machache na jogoo mmoja kijana, mtoto wa yule mwekundu. Huyo akiondoka hakuna vifaranga, na bila vifaranga mimi si mfugaji, ni mlinzi wa kitanda kwelikweli. Na ni huyohuyo ambaye mwenyekiti alimfuata. Mkubwa fulani wa serikali anakuja kuitazama fakitori, akasema, na mgeni hapokewi mikono mitupu.

"Jogoo yuko mle ndani," nikamwambia. "Mwambieni mwekezaji awape."

"Kilichotolewa hakiombwi, ssebo."

"Basi mpeni mkubwa trei ya mayai."

"Unataka kutuaibisha?"

Mke wangu alikuwa anafua. Hakuinua hata kichwa. "Aibu tulishaifuga, mwenyekiti. Imeota manyoya, inawika kila asubuhi."

Nikasema jogoo nitamleta mwenyewe. Mke wangu akaacha kufua.

Siku mkubwa alipokuja nilivaa tena suruali ya harusi, jogoo kwapani. Nilipoitwa mbele ya mahema walimoketi wageni sikupiga magoti.

"Waheshimiwa," nikasema, na sauti ikanitoka kama ya jogoo anayejifunza, "huyu ni wenu nikisikia neno moja kutoka kwa mwenye fakitori. Pumba za Jumamosi, mlango wa nyuma, majirani kwanza. Tutalipa. Ndiyo au hapana?"

Mtu akacheka. Mkalimani akamnong'oneza mwekezaji, mwekezaji akamnong'oneza mkalimani, muda mrefu.

"Anasema ni swali zuri sana."

"Na jibu?"

"Anasema litaangaliwa."

Mwenyekiti akanyoosha mikono apokee. Nikamgeuzia mgongo, nikarudi nyumbani na jogoo wangu, viatu vikinibana. Nyuma yangu watu walizomea. Sijui walimzomea nani, na sikusubiri kujua.

Halijaangaliwa. Kuku wangu wanakula maganda ya matoke na makombo ya posho, na mayai yamekuwa madogo hivi kwamba mke wangu huniuliza kama nimehamia kwenye njiwa. Wakaanga chapati wachache bado wanakuja, kwa huruma au kwa ubishi. Kila ukiitishwa mkutano wa mtaa navaa viatu, naenda, nauliza swali lilelile. Mwenyekiti akiniona kwa mbali hujifanya anaongea na simu.

Asubuhi yule mwekundu anawika ng'ambo ya ukuta kwa shibe, na mwanawe anamjibu kutoka bandani kwa njaa. Mimi nanyanyuka. Kuna jike limeanza kuatamia, na haliniruhusu kusogea karibu. Linanidonoa kama vile mimi ndiye mwekezaji. Naliwekea makombo ya sahani yangu mwenyewe, mbali kidogo, kisha naondoka.