Fundi wa Viatu Hachezi Drafti

Jumapili watu wakitoka kanisa, fundi wa viatu huwa ameshafika bustani ya Nyayo Gardens, kabla hata mbao za drafti hazijatolewa. Hachezi. Kazi yake ni kupigia wachezaji kelele. Anasimama nyuma ya mtu, vidole vyeusi kwa polishi, anakunja kitambaa chake, anakikunjua, halafu analipuka: “Kula, bana! Huoni hiyo? Ama ulikuja kuota jua?” Akikasirika sana anagombana na kifuniko cha soda kinachochezewa, kana kwamba ndicho kilikataa kutembea.

Juzi Mayur, yule wa duka la spea, alichoka naye. “Boss, kaa hapa. Ukinishinda, piga kelele mpaka uzeeke. Nikikushinda, utakuwa unakuja hapa kutazama tu, mdomo umefungwa.” Fundi akasukumwa mpaka kwa kiti. Na watu wa Nakuru kwa utundu wao, wote wakanyamaza. Mikono inayoshona buti za polisi ikawa inagusa kifuniko hiki, inakiacha, inagusa kingine. “Si mseme kitu!” akalia. Vifuniko vyake vikazidi kuliwa, akabaki na viwili. Ghafla akaruka, akazunguka nyuma ya kiti chake kitupu, akakunja kitambaa, akakipigia kiti kelele: “Kula, bana! Huoni hiyo?” Akakimbia kukaa, akaona, akala vifuniko vitatu vya Mayur kwa mkupuo mmoja, vile vya mwisho. Bustani nzima ikapiga nduru.

“Hiyo si haki!” Mayur akateta, akicheka mpaka machozi. “Mlikuwa wawili!”