Mama Alileta Ulimi Wake

Uvimbe waliutoa pamoja na nusu ya ulimi wangu, na nusu iliyobaki ikalala tu mudomoni, haisogei. Mimi niliyekuwa nauza vitambaa hapa Bulengera kwa kelele, muteja akipita bila kununua namutania mpaka arudi, sasa nikifungua mudomo ni mate na mukoromo. Watu walinijibu "ndiyo, ndiyo" bila kusikia kitu. Eti ndiyo! Niliwachukia kwa hiyo ndiyo yao. Nikaanza kuandika kwenye karatasi, na kila asubuhi nilimuomba Mungu jambo moja tu: mutu mumoja anielewe, ao basi Yeye mwenyewe anichukue.

Siku ya kutolewa nyuzi, daktari, pengine kwa huruma, alinieleza kwamba kuna watu wa maabara wanaojaribu kuotesha upya musuli wa ulimi. Wanachukua chembe hai kwenye musuli muzima, wanazilea juu ya wavu laini ili nyama ijue njia ya kufuata, kisha wanaishona pale palipokatwa.

"Mais, lakini, ni kwa panya kwanza," akasema. "Kwa batu, bado."

Nilimuandikia meseji kaka yangu kule Kasugho amusomee mama. Niliandika yote, ila panya niliwaacha. Nilijua ninachofanya. Nilishindwa kubaki peke yangu na tumaini lile, na sikutaka mutu alipunguze.

Wiki ya pili mama huyu hapa mulangoni, matope mpaka magotini. Yeye ni mukulima. Aliposikia "kuotesha" akili yake ikaenda shambani. Kumbe ulimi unakatwa kijiti kama muhogo, kinapandwa kwingine, kinashika! Na kijiti hakitoki kwenye shina lililooza, si ndiyo? Basi ameleta shina. Tangu siku ya meseji alikuwa ameacha pilipili na chumvi, ulimi wake ukae safi.

Hata chai hakutaka. Tulipanda pikipiki mpaka hospitali, na mbele ya daktari akautoa ulimi wote nje, kama mutoto anayepimwa. Kisha akasema:

"Docta, kata huu. Miye niko muzee, niko naongea na maharagi yangu kwa shamba tu."

Daktari hakucheka. Afadhali angecheka. "Mama, hii kazi haiyafika kwa batu. Ingali kwa panya."

"Panya? Panya iko na maneno gani ya kusema?" Mama akanigeukia. "Na wewe, ulijua?"

Karatasi, kwa haraka zetu, nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nikasema nilijua, mama, nisamehe. Kilichotoka hata mimi sikukitambua. Daktari akainama karibu, akauliza mugonjwa anasema nini.

"Anasema alijua," mama akajibu. "Anaomba musamaha."

Akanipangusa kidevu kwa pindo la kikwembe alichojifunga.