Simu Iliyodhani Iko Zambia

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Mama akinituma chumvi dukani, nilikuwa narudi kutoka njiani kumuuliza kama kweli alisema chumvi. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika mradi wa programu huria, zile programu ambazo watu wa nchi mbalimbali huziandika pamoja na kumwachia kila mtu azitumie bure, furaha yangu ilidumu jioni moja tu. Asubuhi yake wasiwasi uliamka kabla yangu.

Barua pepe ilieleza kila kitu. Kabla ya kikao cha kwanza, Ijumaa saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki, kila mwanafunzi awe amefungua akaunti zote na ameingia kwenye chumba cha mazungumzo cha mradi. Atakayekosekana, nafasi yake atapewa mwingine anayesubiri. Huyo mwingine sikumjua, lakini nilimwona kila nilipofumba macho, amekaa mkao wa kula.

Nyumbani Itumba mtandao huja na kuondoka unavyotaka, na mama alikuwa ameshasimama kanisani kutangaza kwamba binti yake amepata kazi ya kompyuta na watu wa nje. Sikuwa tena na pa kujificha. Nikaenda Tunduma kwa shangazi, dada wa baba, anayeuza vitenge karibu kabisa na mpaka. Alinipa kona nyuma ya duka, na hata sijanywa maji akanyoosha mkono kutaka simu yangu.

"Lete nikuwekee saa, mwanangu. Hapa simu zinadaka mtandao wa Zambia, zinarudi nyuma saa nzima. Watu wanachelewa mazishi kwa ajili ya simu."

Akabonyeza hapa na pale, akanirudishia. Saa ya simu ikawa sawa na ile kubwa ya ukutani kwake. Nilimshukuru, nikasahau.

Akaunti za mwanzo zilifunguka bila shida. Nikaingizwa kwenye barua za kundi, nikapata jina la kuandikia. Kisha ukaja ulinzi wa hatua mbili. Mradi haukumruhusu mtu kuingia kwa nenosiri peke yake. Ilibidi uongeze namba sita zinazotolewa na programu ndani ya simu yako, namba zinazobadilika kila baada ya muda mfupi. Nikaziandika. Namba si sahihi. Nikasubiri zibadilike, nikaandika tena. Namba si sahihi. Mpaka Ijumaa asubuhi nilikuwa naziona hata kwenye chai.

Nikamwandikia msimamizi wetu, mama mmoja aliye nchi ya mbali. Jibu lake lilikuwa sentensi moja: je, saa ya simu yako iko sahihi? Hakunisalimu wala hakunitaja jina. Kwetu mtu akikuandikia hivyo ujue mmegombana. Nikatazama simu, nikatazama ukutani, zikalingana. Nikamjibu kwamba saa yangu iko sahihi kabisa, kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika.

Baada ya hapo niliamua kwamba mbaya wangu ni mtandao wa Zambia. Nikachukua bajaji mpaka Mpemba, mbali kidogo na mpaka, nikaagiza chai kwenye kibanda na kufungua kompyuta. Namba si sahihi. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia mama, na jinsi mama naye atakavyosimama tena kanisani kuyafuta yale ya kwanza.

Ujumbe mwingine ukaingia, bila salamu kama ule wa kwanza. Nitumie picha ya ukurasa wa mpangilio wa saa. Damu ikanichemka. Yaani huyu mama anadhani sijui kusoma saa? Nikaufungua ukurasa ule kwa hasira, nia yangu nimtumie picha imsute.

Chini ya saa, mahali pa kuonyesha simu iko wapi, paliandikwa Lusaka.

Shangazi alikuwa amesogeza saa mbele kwa mkono, lakini simu yenyewe ilibaki ikiamini iko Zambia. Zile namba sita hukokotolewa kwa saa moja inayofuatwa dunia nzima, na kwa kuwa simu yangu iliihesabu saa ya Tunduma kana kwamba ni ya Lusaka, ilikuwa imetangulia saa nzima. Kila namba niliyoandika ilikuwa ya wakati ambao haujafika. Nikairuhusu simu ijipangie saa yenyewe, nikaandika namba, na mlango ukafunguka. Nililia pale kibandani mpaka mwenye chai akaniuliza nani amefariki. Nikaapa sitagusa tena mpangilio wowote wa simu ile.

Nilirudi dukani na hasira badala ya shukrani.

"Shangazi, naomba usiiguse tena simu yangu. Nusura uniharibie maisha."

Alikuwa anakunja kitenge. Hakuacha kukunja. "Haya, mwanangu," akasema.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo nilizima kompyuta nitunze chaji, nikaketi kula ugali wangu kwa raha. Simu ilionyesha bado kitambo kirefu. Shangazi alipita mara moja, akapita tena, akaniangalia kama mtu mwenye neno.

"Kikao chako si saa tisa?"

"Bado saa nzima, shangazi."

Akasema taratibu, "Mimi simu sijaigusa. Lakini tazama ukutani."

Nikatazama. Ilibaki kidogo sana itimie saa tisa. Simu yangu, niliyoipa ruhusa ijipangie, ilikuwa imefika mpakani ikavuka peke yake.

Nilimwaga maji nikikimbilia kompyuta. Ilipowaka kikao kilikuwa kimeshaanza, msimamizi anaita majina, na langu bado. Nje wateja wawili kutoka ng'ambo walikuwa wameshika kitenge wakiuliza bei kwa Kibemba, "Shinga? Shinga?" Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akimwacha mteja aondoke, alikitoa kitenge mikononi mwao taratibu na kuanza kushusha mlango wa duka.

"Tumefunga," akawaambia. "Mwanangu yuko kazini."

Jina langu likaitwa. Msimamizi, kwa sauti ya upole ambayo sikuitegemea, alinisalimu, akauliza niko wapi na huku kwetu ni saa ngapi. Niliitazama simu, kisha nikamtazama shangazi amesimama gizani ameegemea mlango, hata kukohoa anaogopa. Nikajibu kuwa niko Tunduma, na kwamba kwa saa ya shangazi yangu ni saa tisa.